Mtoto wa Nani?

Mwezi uliopita mshenga alikuja kwetu Wete kumposa mdogo wangu wa kike. Kijana mwenyewe ni seremala, anasali, hana deni la mtu. Mshenga alipoondoka, ami yangu aliuliza swali moja tu: "Mtoto wa nani?" Alipojibiwa akatikisa kichwa. Baba wa kijana aliwahi kufungwa kwa wizi wa karafuu. "Mwana wa nyoka ni nyoka," akasema, kisha wote wakanigeukia mimi, kaka mtu, niliyesoma. Nikanyamaza.

Usiku ule bibi aliniomba nimwekee *Awaara* kwenye kompyuta. Aliiona mara ya kwanza akiwa msichana, katika senema ya hapa hapa Wete, na hadi leo haijamchosha. Ni picha ya mwaka 1951, nyeusi na nyeupe, inakaribia saa tatu, na Kihindi chake bibi hakijui. Siku zote nilidhani anapenda nyimbo na macho ya Nargis. Safari hii niliifuata kesi yenyewe.

Jaji Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mwema huwa mwema na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo alimfunga Jagga, aliyeponzwa na ukoo wake. Jagga anatoka jela akiwa jambazi kweli. Anamteka mke wa jaji, na akigundua kuwa ana mimba anamwachia. Jaji anamshuku mkewe na kumfukuza. Raj anazaliwa barabarani, anakulia katika umaskini, na Jagga ndiye anayemfundisha kuiba. Hicho ndicho kisasi chake. Jaji anachezwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor, aliyeiongoza picha hii na kumcheza huyo mwizi.

Sisi tuna methali mbili zisizopatana. Moja ndiyo ile ya ami. Nyingine yasema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya pili tunawatumia watoto wetu, ya kwanza tunawawekea watoto wa wenzetu. *Awaara* inazipandisha zote mbili kizimbani, na nadhani ndiyo maana haijazeeka: kila posa inapoingia nyumbani, kesi hiyo inafunguliwa upya.

Lakini picha ina hila yake. Damu ya Raj ni ya jaji. Anayeamini nasaba anaweza kutoka senema ameridhika: kumbe alikuwa mtoto wa watu! Je, angekuwa mtoto wa Jagga kweli, tungemlilia? Nilimwuliza bibi. Hakuondoa macho kwenye kioo. "Rita alipompenda, alikuwa hajui baba yake ni nani," akasema. "Alimjua yeye."

Na Rita hakumjua malaika. Raj ni mwizi, na kofi analompiga Rita ufukweni linaniudhi kila ninapoliona. Rita, ambaye ni mwanasheria, anamtetea mahakamani, lakini picha haimfutii makosa: anafungwa miaka 3, na Rita anaahidi kumngoja. Hapo ndipo nilipopata nilichokikosa kwenye kikao. Kumtetea mtu si kusema hana kosa. Ni kudai kwamba akihukumiwa, ahukumiwe kwa lake.

Ami si mtu mbaya. Anamwogopea binti yetu. Ndoa ikivunjika, atakayerudi nyumbani na watoto mkononi ni yeye, si mimi na falsafa zangu. Hofu hiyo ni ya haki, lakini swali lake halimlindi mtu. Jina la baba halituambii kama kijana ana hasira za karibu, kama anatimiza ahadi za wateja, kama mama yake anamwombea dua au anamlalamikia. Tena kila nyumba ikimfungia mlango kwa jina hilo, siku atakapoharibika tutasema tulijua, kama jaji alivyodhani anajua kuhusu Jagga.

Ijumaa mshenga anarudi. Kabla ya hapo nitamwomba ami twende karakana ya kijana, tukae, tumwone akifanya kazi, tuulize majirani. Huenda tukapata sababu ya kumkataa. Tukiipata, iwe yake.