Sura Yangu, Picha Yako

Mtu akipita kijijini kwenu na kamera, akakupiga picha, akaondoka nayo, picha ile ni mali ya nani? Kwa asiyewahi kuelekezewa kamera hili ni swali dogo. Lakini kwa sisi tunaokaa pwani hii ya kusini, kuanzia Mikindani na Mtwara mjini, Msanga Mkuu, Msimbati, hadi pale Mto Ruvuma unapomwaga maji yake baharini na kututenga na Msumbiji, si swali la mchezo hata kidogo. Wageni wanaotufikia si wengi kama wale wa Unguja au Serengeti, ila karibu wote huja na kamera. Wanapiga milango ya Mikindani, wanapiga Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, wanapiga majahazi na mikoko ya mlango wa Ruvuma. Hapo sina neno. Mlango hauna aibu. Maneno yanaanza pale kamera inapomgeukia mtu.

Mimi nadai hivi, msomaji, nawe unipinge ukiweza: sura ya mtu ni mali yake, na anayeichukua kwa kamera amekopa. Hajanunua wala hajaokota. Amekopa, na mkopo una siku yake ya kulipwa.

Hebu kwanza tukisikilize Kiswahili chenyewe. Tunasema fulani "amepigwa picha", na kitenzi ni kile kile cha kupigwa kofi na kupigwa faini. Najua, pasi nayo hupigwa, simu hupigwa, magoti hupigwa, na hakuna aliyelalamika. Sitaki kulisokota neno mpaka likatike. Lakini angalia jambo moja. Msichana akivaa vizuri sikukuu ya Idi, akaenda studio na wenzake, jioni anasema nini? "Tumepiga picha." Wamepiga wao! Wakati aliyeshika kamera na kubonyeza ni mwingine kabisa. Msichana huyo huyo akivamiwa na mgeni kisimani, ndoo kichwani, anasema "nimepigwa picha." Hakuna mwalimu aliyetufundisha tofauti hii. Imo tu ndani ya lugha, na mimi naona hoja yote iko hapo.

Wazee wetu walikuwa wakipiga picha kwa maana ile ya kwanza. Ingia nyumba yoyote ya zamani hapa mjini, utaikuta ukutani sebuleni: mume ameketi, mke amesimama na mkono begani kwake, nyuma yao pazia lililochorwa ndege au jumba la ghorofa, na pembeni redio juu ya stuli. Saa ya mkononi pengine ni ya mpiga picha mwenyewe, maana wengine walikuwa nayo maalumu ya kuazimisha wateja. Ulilipa nusu, nusu nyingine siku ya kuchukua, na ilibidi usubiri mkanda wote uishe ndipo usafishwe. Kule Unguja studio ya Capital Art iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilijaza maboksi kwa maboksi ya sura za watu wa namna hiyo, waliokuja kwa miguu yao. Wasomi wengine huzicheka picha hizi kwamba ni za uongo, ghorofa la rangi na saa ya kuazima. Uongo gani? Mtu yule alikuwa anasema: hivi ndivyo ninavyotaka wajukuu wanione. Mpiga picha alitumika kama fundi cherehani, alipima, akashona, akakabidhi nguo kwa mwenyewe.

Sasa tutoke studio twende mwambani. Siku moja wakati wa bamvua, bahari imekupwa mbali sana, nilikuwa Msanga Mkuu. Kina mama walikuwa wametawanyika na vijiti vyao wakitafuta pweza na chaza. Kijana mmoja wa kizungu, mwenye kamera ya lenzi ndefu, akamlenga bibi mmoja aliyeinama akichokoa shimo. Alipiga kama mara kumi hivi. Bibi akashtuka, akanyooka, akafoka. Kijana mwenzetu aliyekuwa anamtembeza mgeni akamweleza kwamba wazee wa huku wanaamini kamera inanyonya roho. Mgeni akatikisa kichwa kwa heshima, nadhani akafurahi pia, kwa sababu amepata na hadithi ya kuambatanisha. Nikamfuata bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Bibi, eti kweli unaogopa picha?"

"Niogope nini? Nyumbani ninazo tatu ukutani. Lakini kanga ya kushindia, miguu matope, nimewainulia watu makalio, hiyo ndiyo picha yangu ya kupelekwa Ulaya? Angesubiri ninyooke!"

Angesubiri ninyooke. Nimetembea na maneno hayo mpaka leo. Ile hadithi ya kunyonywa roho, nionavyo mimi, inawafaa sana wenye kamera. Inageuza madai ya heshima kuwa ushirikina, na ushirikina haujibiwi, unaonewa huruma tu. Bibi hakuwa na ugomvi na chombo. Alikuwa anadai lile lile alilolipata studio zamani: nafasi ya kujua ataonekanaje.

Kabla ya kuondoka, mgeni alimpa shilingi elfu mbili kupitia kwa yule kijana. Bibi akapokea. Je, deni limekwisha? Wengi watasema limekwisha, biashara ni maelewano. Mimi nasita. Mtu aliyeamka alfajiri kusaka kitoweo, kukataa noti kunamgharimu kuliko kunavyomgharimu mwenye tiketi ya ndege. Na hata ndiyo yake ingekuwa ya moyo mweupe, alisema ndiyo kwa kitu gani? Kwa kijana aliyesimama mbele yake, au kwa watu elfu ishirini watakaoiona picha ile bila yeye kujua imeandikwa nini chini yake? Pengine imeandikwa "umaskini", na mtu ana nyumba, ana shamba la mikorosho, ana picha tatu ukutani.

Tusidhani mambo haya yameanza na watalii. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa vimetulia sehemu hizi, alikuja huku Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig kule Ujerumani. Alipita Lindi, Masasi, Newala na uwanda wa Makonde, akisindikizwa na askari wenye bunduki. Alibeba kamera, mashine ya sinema, na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Mwaka 1908 akatoa kitabu. Humo wamo mabibi zetu wenye ndonya mdomoni na chale usoni, wamesimama juani. Wakubwa kama Matola wa Wayao wanatajwa kwa jina; wengi katika wengine ni kabila tu, Mmakonde huyu, Myao yule, kama mtu anayeandika aina za miti. Na nani angemkatalia mwaka ule, huku majivu ya vijiji hayajapoa?

Lakini nimtendee haki. Bila mashine zake tusingeziona sura hizo kamwe. Chale za namna ile leo utazikuta kwa wazee wachache mno, na mimi ninayetaka kuandika riwaya ya wakati ule ningetoa chochote nikae siku nzima mbele ya picha zake. Kwa hiyo mkopaji anaweza kuwa amekitunza kitu vizuri kuliko ambavyo mwenyewe angekitunza. Hiyo haimfanyi awe mwenye mali.

Kuna pingamizi zito kuliko yote, nami sitalikwepa. Mtasema: kama kila mtu angoje anyooke, nani ataonyesha njaa na vita? Oktoba 1984 Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi, alipiga picha za njaa ya Ethiopia pale Korem. Zilipoonyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba, dunia ilishtuka, misaada ikamiminika, na Julai 1985 likafanyika lile tamasha kubwa la Live Aid. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kunyooka pale Korem. Wangeombwa ruhusa na nani, wakijibu kwa sauti ipi? Nakubali kabisa kwamba Amin alifanya haki, na wapo waliopona kwa sababu ya kamera yake. Machi 1993 naye Kevin Carter wa Afrika Kusini alimpiga mtoto aliyeinama chini na tai nyuma yake, huko Ayod, Sudan. Mwaka 1994 akapewa tuzo ya Pulitzer. Julai mwaka huo huo akajiua. Picha ilipotoka, wasomaji wa New York Times walihoji: mtoto yule alikuwaje baadaye? Gazeti halikuwa na jibu kamili. Wasomaji wale, bila kusoma falsafa yoyote, walikuwa wanadai deni kwa niaba ya mtoto. Kwa hiyo asiyeweza kuulizwa bado anadai. Naona hata anadai zaidi.

Na wakati mwingine deni lenyewe ni kutopiga. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, watu walikimbilia huku kwetu kwa kuvuka Ruvuma, na miezi michache kabla, Oktoba 2020, kijiji chetu cha Kitaya kilikuwa kimevamiwa. Mtu aliyekimbia kuchinjwa, ameacha ndugu ng'ambo ya mto, sura yake ikitoka wazi gazetini inaweza kumfikia yule yule aliyemkimbia. Hapo hata picha nzuri kuliko zote haina kisingizio.

Basi kulipa ni kufanyaje? Sina orodha ya kanuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na Katiba katika ibara ya 16 inamwahidi kila mtu heshima ya nafsi yake na maisha yake binafsi, lakini mgeni akishapanda ndege pale Mtwara sijui ni wakili gani wa Msanga Mkuu atakayemfuata. Nafikiria mambo ya kawaida. Kuamkia kwanza. Kumwonyesha mtu picha yake palepale na kuifuta akichukia. Kumletea nakala, ya karatasi, ya kutundika. Na chini ya picha kuandika jina lake badala ya kabila lake, kama atapenda.

Wala tusiwasakame wageni peke yao. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipolipuka pale Msamvu, Morogoro, likaua watu zaidi ya 100, picha za walioungua zilizunguka kwenye simu zetu, tena nyingine kabla ndugu zao hawajapata habari. Hakuna mtalii aliyezirusha. Tulirushiana wenyewe, na kila mtu akaandika "poleni".

Nami ninayesema haya nina kalamu, na kalamu ni kamera isiyotoa mlio. Mwandishi humlenga mtu akiwa ameinama, naye asijue. Ndiyo maana nilipoamua kuandika habari ya siku ile nilivuka tena kwenda Msanga Mkuu, nikamsomea bibi sehemu inayomhusu, nikamuuliza jina lake kamili ili niliweke. Akakataa katakata, majina ya watu si ya kupelekwa magazetini, akasema.

"Wewe andika tu kwamba siku ile nilipata pweza wanne."

Walikuwa wanne, na mmoja alikuwa mkubwa kweli kweli.