Mwamba Ngoma na Mizani ya Sauti

Methali isemayo kuwa mwamba ngoma huvutia kwake hutajwa aghalabu kwa kulaumu uchoyo. Lakini ndani yake mna swali lililo kubwa kuliko lawama: je, mtu aliyefanya kazi kwa mikono yake aweza kuwa hakimu wa kazi hiyo? Mzazi humpenda mtoto wake, mshairi hulipenda shairi lake, na fundi hulipenda sanduku alilolipigilia misumari. Mapenzi haya si dhambi, maana pasipo mapenzi kazi njema haitendeki. Hata hivyo, mapenzi ni shahidi dhaifu, na shahidi dhaifu hapati nguvu kwa kuwa na moyo safi.

Swali hili huonekana wazi katika ufundi ambao wanachuoni hawaupi nafasi kubwa, nao ni ufundi wa kujitengenezea spika. Achukuliwe fundi wa kudhaniwa, mkazi wa Kibiti, mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Au wa kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, ambako njia ni mikono ya mto na chombo cha safari ni mtumbwi. Ana wufa ya sauti nene, twita ya sauti nyembamba, mbao, gundi na nyaya. Kazi yake ni kuviunganisha vitu hivi viwe kinywa kimoja. Arusi ikija, kinywa hicho ndicho kitakachosema, na watu watakilipia.

Spika ya namna hii ina asili yake katika kazi ambayo Chester Rice na Edward Kellogg, wa kampuni ya General Electric ya Marekani, waliitangaza mwaka 1925. Koili ndogo hukaa ndani ya sumaku. Umeme ukipita, koili husukuma na kuvuta kiwambo, na kiwambo hutikisa hewa. Neno kiwambo limetokana na kitenzi kile kile cha kuwamba ngoma, kwa hiyo fundi wa spika ni mwamba ngoma kwa jina na kwa tendo. Sikio la kijana mwenye afya husikia tangu mitetemo 20 hadi kadiri ya 20,000 kwa sekunde, na kiwambo kimoja hakiwezi kuibeba yote vizuri. Ndiyo sababu kazi hugawanywa. Mpaka ukiwekwa kwenye mitetemo 2,500, koili huzuia sauti nyembamba isiingie katika wufa, na kapasita huzuia sauti nene isije ikaunguza twita. Kwa spika zilizoandikwa omu 8, hesabu nyepesi hudai koili ya nusu milihenri na kapasita ya mikrofaradi 8.

Hapo fundi hupata funzo la kwanza. Hesabu yake ni sahihi, ila spika si omu 8. Hiyo ni namba ya jina tu. Ukinzani wa wufa hupanda sana panapo mtetemo wake wa asili, hushuka, kisha hupanda tena kwa kadiri sauti inavyokuwa nyembamba. Mpaka uliopigiwa hesabu na mpaka uliopatikana huwa mbalimbali. Resista moja, simu iwezayo kutoa milio ya mitetemo mbalimbali, na kipimo cha volti kinachoweza kusoma mitetemo hiyo hutosha kuidhihirisha tofauti hii. Asiyepima huishi na jina akidhani anaishi na kitu.

Yamkini fundi atasema kuwa sikio lake lamtosha. Sikio ni chombo cha ajabu, wala hapana mtu mwenye busara atakayelidharau. Tatizo lake ni kwamba limo mwilini mwa mwenye kazi, karibu na macho yake, tamaa yake na uchovu wake. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walieleza majaribio ambayo wasikilizaji walizihukumu spika zile zile mara mbili: mara wakiziona, na mara zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Hukumu zilibadilika. Walipoona, kile walichokiona kiliingia katika kile walichodai kukisikia. Ikiwa mtu hudanganyika kwa spika iliyotengenezwa na wengine, hali ya yule aliyesugua mbao kwa mkono wake ni nzito zaidi.

Kwa sababu hii hapana budi aitwe shahidi asiye na mapenzi. Fundi hupeleka spika uwanjani, huiinua kadiri ya mita 2 juu ya ardhi, akaweka maikrofoni mbele yake mita 1 kwa kimo hicho hicho. Sauti inayokwenda moja kwa moja hufika kwanza. Ile inayodunda ardhini husafiri mita 3 na zaidi kuliko mwenziwe, hivyo huchelewa kama sehemu 9 za elfu moja za sekunde, na programu ya kompyuta huweza kuikata kabla haijaharibu ushahidi. Msitari unaochorwa hauoni haya. Labda utaonyesha shimo pale pale mpakani, kwa kuwa wufa husukuma hewa wakati twita inaivuta, na kila moja hubatilisha kazi ya nyingine. Sikio la mwenyewe lilikuwa limeliita shimo hilo ulaini. Fundi akigeuza nyaya mbili za twita na kupima tena, shimo laweza kujaa. Hakuna aliyemkaripia, na aibu yake haikuwa na watazamaji, lakini amesahihishwa.

Watu wa pwani hawakungoja kompyuta kuijua hekima hii. Boriti za mikoko zilizokatwa Rufiji na kupakiwa majahazini kwenda Arabuni zilihesabiwa kwa korija, yaani 20. Muuzaji alitaka nyingi zionekane, na mnunuzi alitaka chache. Korija haikuwa mtumwa wa yeyote kati yao, na kwa hiyo wote wawili waliweza kuiamini.

Delta hiyo ina kumbukumbu nyingine, nayo ni ya huzuni. Mwezi wa Julai 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika mikono ya mto. Meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliipiga kwa mizinga kutoka mahali ambapo wapigaji hawakuweza kuiona. Eropleni zilizunguka juu na kuarifu kwa simu ya upepo mahali zilipoangukia risasi. Tarehe 6 jaribio lilishindwa. Tarehe 11 meli ikaangamia. Aliyepiga hakuona, na aliyeona hakupiga, na katika kutengana huko ndimo usahihi ulimozaliwa. Lakini usahihi huo ulikuwa wa mauti. Basi kipimo peke yake si wema. Humwambia mtu kama amefika alikokusudia, wala hakimwulizi kwa nini alikusudia kwenda huko.

Kutokana na upungufu huu huzaliwa swali la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza: mtu apime akiwa wapi? Fundi aliyeweka maikrofoni mbele ya spika alipima kutoka kiti cha heshima. Kwenye mitetemo 2,500, wimbi moja la sauti lina urefu wa kadiri ya sentimita 14. Ikiwa kitovu cha twita kiko mbali na kitovu cha wufa kupita kadiri hiyo, sauti zao hukutana vema kwa yule aliyekaa usawa wao, na huweza kupingana kwa aliye juu au chini. Mgeni wa kitini apata wimbo mzima. Bibi aliyeketi mkekani, na kijana aliyesimama nyuma, huenda wakapata wimbo uliomegwa. Msitari mmoja mzuri uliochorwa kutoka mahali pamoja ni kweli, lakini ni kweli ya mtu mmoja.

Tena yuko mtu wa mbali zaidi, ambaye hakualikwa. Sauti nene hupita kuta nyepesi bila kubisha hodi. Usiku, hewa iliyo karibu na maji ikiwa baridi kuliko iliyo juu yake, sauti huinamishwa chini na kwenda mbali juu ya mto. Ng’ambo yuko mgonjwa, yuko mama mwenye kichanga, yuko mvuvi atakayeamka na maji. Spika iliyo njema uwanjani yaweza kuwa dhuluma ng’ambo, ingawa kiwambo ni kile kile. Tanzania imeweka kanuni za viwango vya kelele tangu mwaka 2015. Lakini sheria haiwezi kulala katika kila nyumba, na fundi alala karibu na jirani yake kila siku. Mwenye haki huchukua kipimo chake hata mahali pasipo faida yake.

Yako pia mambo ya fedha. Masanduku mengi huandikwa wati kwa majigambo. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na kwa kawaida hutakiwa wati mara 10 ili sikio lihesabu sauti kuwa imekuwa maradufu. Mnunuzi aliyeuza kamba au nazi zake ili apate spika haijui hesabu hii, wala hana maikrofoni. Yu mikononi mwa fundi kabisa. Fundi aliyepima naye anajua ukweli peke yake, na hakuna atakayemfumania akinyamaza. Akiandika nyuma ya sanduku uwezo wake halisi, pamoja na mahali linaposhindwa, ametoa haki ambayo haikudaiwa. Akiandika namba ya majigambo baada ya kupima, kosa lake limezidi la yule asiyepima. Huyu alikosa kwa ujinga, na yeye amekosa kwa elimu.

Jawabu la swali la kwanza, basi, ni hili: mtu aweza kuwa hakimu wa kazi yake ikiwa amekubali kwanza kuwa mshitakiwa, akasimama mbele ya shahidi asiyempenda, akasikiliza na upande wa ng’ambo kabla ya kutoa hukumu. Mwamba ngoma hana budi kuvuta ngozi, maana ngoma isiyovutwa hailii. Ila akishamaliza kuvuta, na aizunguke ngoma yake.