Mdudu wa Mndimu wa Mama

Nilipovuka mlango wa pili, lenzi ya kamera iligubikwa na ukungu hata nisione kitu. Nje ilikuwa Februari ya Uingereza, theluji imeganda pembezoni mwa barabara. Ndani, chini ya paa la kioo, kulikuwa na joto la Malindi siku chache kabla ya masika kuanza, lile joto linalolifanya shati ligande mgongoni. Nikatoa leso niifute lenzi.

"Usifute, Mjomba," mpwa wangu akanizuia. "Ukungu utarudi. Subiri ipate joto."

Ana miaka kumi, amezaliwa huko huko, na bustani ile ya vipepeo anaijua kama ninavyoijua mimi njia ya Gede kwenda Watamu. Tukakaa kwenye benchi tukingoja kamera izoee hewa. Migomba ilikuwa imesimama kandokando ya kijito cha kutengenezwa, na juu ya meza ndogo palikuwa na sahani za ndizi zilizoiva kupita kiasi na machungwa yaliyopasuliwa. Waingereza walianza kuwafungulia watu mabanda ya namna hii katika miaka ya 1970, kwenye kisiwa cha Guernsey, ndani ya banda la kioo lililokuwa limejengwa kwa kilimo cha nyanya. Banda lenyewe basi ni shamba. Nilikuja kulifikiria hilo baadaye.

Ukungu ulipoondoka nikaanza kukimbizana na vipepeo. Nusu saa nzima nilipiga picha za mahali walipokuwa sekunde moja kabla. Ukimsogelea mdudu karibu kiasi hicho, sehemu inayotoka wazi kwenye picha ni nyembamba mno. Jicho likionekana, bawa limefifia, na bawa likionekana, kichwa kimepotea. Flashi nilikuwa nimeizima mwenyewe. Mhudumu mmoja, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira, akanitazama kwa muda, kisha akaniambia niwaache wanaoruka. Nitafute wanaokula. Kipepeo aliyekunjua mrija wake juu ya ndizi haondoki upesi, na ukiiweka kamera sambamba na mabawa yake, bawa lote litatoka wazi.

Nikapiga magoti kando ya sahani. Mhudumu alikuwa amesema kweli. Walikuwepo wenye mabawa ya rangi ya majani makavu, wanaojifunga na kupotea machoni, kisha wanafunguka na kukuonyesha rangi ya samawati ambayo sijui niifananishe na nini. Hao ni wa Amerika ya Kusini, mpwa wangu akaniambia. Kisha akaninyooshea kidole kwenye ua jekundu lililokuwa nyuma yangu.

Alikuwa kipepeo mkubwa mweusi, madoa ya manjano hafifu yametapakaa mabawani kama mtu aliyerashiwa maziwa, na kwenye mabawa ya nyuma ana alama mbili kama macho, nyekundu na buluu. Hakutua kabisa. Alikuwa akinywa huku mabawa yakitetemeka. Mpwa wangu akasoma kibao: Papilio demodocus, wa Afrika, viwavi wake hula majani ya michungwa, milimau na jamaa zake.

"Mjomba, huyu ni wa kwetu?"

Nikashindwa kumjibu mara moja, kwa sababu nilikuwa nimerudi uani kwa mama, na mkononi nina kopo.

Mama alikuwa na mndimu mmoja nyuma ya jiko. Ndimu zake zilikwenda kwenye samaki, kwenye achari, kwenye chai ya mwenye mafua, na zilizobaki ziliuzwa. Kila zilipokuja mvua, majani machanga yalipochipua, mimi ndiye niliyetumwa kutoa wadudu. Wakiwa wadogo walifanana na kinyesi cha ndege, weusi wenye baka jeupe, na wengi niliwapita bila kuwatambua. Wakikua wanakuwa kijani, wanene, na ukiwagusa wanachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Niliwaogopa kwa sababu ya pembe hizo. Niliwabandua kwa kijiti nikawatia katika kopo la maji yenye mafuta ya taa. Mama alikuwa na haki: mti mchanga ukivamiwa na viwavi wengi hubaki vijiti vitupu, na mti ule ulikuwa na kazi nyumbani kwetu.

Shuleni tulifundishwa yai, kiwavi, pupa, kipepeo, na katika mtihani nilipata alama zote. Hakuna aliyetuambia kwamba kiwavi wa kitabuni ndiye huyu wa kwenye mndimu. Katika akili yangu walikuwa viumbe wawili: mmoja aliitwa kipepeo, mwingine aliitwa mdudu. Nimefika utu uzima, nimesafiri kwa ndege, nimelipa kiingilio kwa pauni ili nipige magoti mbele ya yule niliyekuwa nikimuua kwa kopo.

Mhudumu akatupeleka kwenye kabati la kioo. Ndani mlikuwa na mapupa yamening'inizwa safu kwa safu, mengine ya kijani, mengine kama vipande vya gome. Ajabu ya lugha yetu ni kwamba neno hilohilo, pupa, ndilo tunalomwambia asiyeweza kusubiri, ilhali pale hapakuwa na kilichokuwa na haraka. Kipepeo mzima hahimili safari, kwa hiyo husafirishwa katika hali hii, akiwa amefungwa kwenye pamba, na sharti mzigo ufike kabla hajatoka. Nikauliza hawa weusi wanatoka wapi. Kenya, akasema, pwani.

Nikajua ni Gede. Wapwani wengi tunapita pale, tunaliona bango la mradi wa Kipepeo karibu na magofu, tunaendelea na safari. Mradi ulianza mwaka 1993, wakati ambapo wakazi wengi wa pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke walitaka sehemu yake ikatwe wapewe mashamba, na sababu walikuwa nazo. Tembo walitoka humo wakala mahindi yao, nyani vilevile, na msitu wenyewe haukuwatilia kitu sufuriani. Watu wa mradi, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, hawakuanza na hotuba juu ya uzuri wa maumbile. Waliwafundisha wakulima kumnasa kipepeo jike, kumweka katika kizimba cha wavu pamoja na mmea anaoutagia, kuwalisha viwavi majani mabichi kila siku, na kuyapeleka mapupa Gede yauzwe ng'ambo.

Hapo ndipo msitu ulipobadilika machoni mwa watu. Kila aina ya kipepeo ina mimea yake, kiwavi hakubali mingine, na mingi ya mimea hiyo imetoka msituni. Mfugaji wa vipepeo hana budi kuyajua majani: lipi la nani, linaota wapi, mti gani ukikatwa mwakani hapatakuwa na mbegu. Mimi na kamera yangu tulikuwa tumeshughulika na mabawa tu, na mabawa ni wiki chache za mwisho za kiumbe huyu. Mfugaji wa Gede huyaona mabawa ya jike aliyemnasa. Ya watoto wake anawaachia wageni wa mbali. Anacholinda yeye ni jani linaloliwa, na naamini ulinzi wa namna hiyo una nguvu kuliko mapenzi yangu yote ya kutazama.

Kabla ya kutoka tulisimama mbele ya kioo kirefu, tukageuka huku na huku kuhakikisha hatumbebi yeyote mgongoni. Nje angekufa kwa baridi. Mpwa wangu aliinua mikono kama anayepimwa nguo, akakagua kofia, akakagua mfuko wa kamera mara mbili.

Usiku nilimtumia mama picha ile nzuri kuliko zote, yule mweusi kwenye ua jekundu. Mama hupenda kutuma sauti kuliko kuandika.

"Mwanangu, nimemwona. Huyu si ndiye mwana wa wale wadudu wa mndimu? Huwa namwona asubuhi anazungukazunguka pale jikoni." Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. "Sasa huko alikopelekwa, mayai yake anatagia wapi? Mna mndimu huko?"

Nilizipitia picha zote nilizopiga siku ile. Maua tele, ndizi, machungwa yaliyopasuliwa, mikono ya mpwa wangu. Jani la mndimu halikuwamo. Nikamwambia mama kwamba hakuna, na kwamba Jumanne wanangoja mzigo mwingine kutoka Gede.