Chungu Aliyehamishwa

Siku moja katika shamba la minazi la marehemu babu yangu, mkwezi aliteremka mtini kwa kasi kuliko alivyopanda, akijipangusa shingo na mabega, na nyayo zake zilipogusa ardhi akaapa kwamba hataupanda tena mnazi ule mpaka maji moto wachomwe. Chungu wale wekundu, waliopewa jina hilo na watu wa pwani kwa jinsi wanavyounguza ngozi, walikuwa wamejenga kileleni viota vya majani mabichi yaliyoshonwa kwa nyuzi za watoto wao. Maana wakubwa huvuta jani likakutana na jani, kisha humshika kibuu kinywani kama fundi ashikavyo sindano, wakampitisha huku na huku mpaka uzi wake umeziba mwanya wote. Babu hakukubali wachomwe. Alisema tu kwamba mnazi wenye maji moto haupukutishi vidaka. Nami kwa utoto wangu nikadhani ni maneno ya mzee aliyechoka kubishana.

Miaka mingi ilipita ndipo nilipojua kwamba babu alikuwa ameshika kweli ambayo wataalamu waliitafuta kwa taabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, M. J. Way, mwanasayansi wa Kiingereza aliyechunguza minazi ya Zanzibar, alionyesha kwamba vidaka vingi huanguka si kwa jua wala kwa upepo, bali kwa mdudu mmoja wa jamii ya kunguni anayevifyonza, mdudu ambaye mwaka 1955 jina lake la kitaalamu lilitolewa kwa heshima ya Way mwenyewe. Na kwamba maji moto wakiutawala mnazi mdudu huyo hukosa nafasi, ilhali penye chungu mwingine, mdogo wa rangi ya kahawia, akaaye ardhini na kuwapiga vita maji moto, vidaka humwagika kabla havijawa vitale. Huyu wa ardhini askari wake wana vichwa vilivyopita kiasi cha miili yao, na kwa sababu hiyo nitamwita kichwa-kikubwa. Yeye ndiye aliyenishikisha kalamu.

Nina ada ya kuketi barazani baada ya sala ya isha, taa mkononi, nikiwatazama hao wenye vichwa vikubwa wanavyopita kwa safu chini ya ukuta, na aghalabu mgeni anikutaye huniuliza: wadudu hawa wana faida gani? Huuliza kwa wema, wala simlaumu, lakini nimefikia kuliona swali lake kuwa ni la hatari, kwa kuwa mwenye kutaka faida ya kiumbe kabla hajamjua amejifanya kadhi katika daawa ambayo hajasikia shahidi wake hata mmoja. Al-Jahiz wa Basra, aliyeandika juu ya wanyama katika karne ya 9, alishikilia kwamba kijiwe humshuhudia Muumba kama mlima umshuhudiavyo. Na Kurani, ambayo haina sura iliyoitwa kwa jina la simba, inayo iliyoitwa Nyuki, iliyoitwa Chungu na iliyoitwa Buibui. Udogo tunaousema ni kipimo cha jicho letu, hauko katika dhati ya kiumbe.

Ushahidi wa jambo hili nimeupata mbali na minazi, katika nyanda za Laikipia nchini Kenya. Huko, katika udongo mweusi unaonata, huota aina ya mgunga ambao miba yake huvimba shinani ikawa kama vijipira vyenye uwazi ndani, na upepo ukipita katika matundu yake hulia mluzi. Ndani ya vijipira hivyo wamo chungu wenyeji wa mti, wanaolishwa na mgunga maji matamu yatokayo katika majani yake, nao kwa kulipa fadhila humrukia kila mnyama agusaye matawi, hata ndovu, ambaye kwa ukubwa wake wote hawezi kustahimili chungu ndani ya mkonga. Mwanzoni mwa karne hii kichwa-kikubwa akafika. Asili yake hudhaniwa kuwa ni kisiwa cha Bahari ya Hindi. Wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka 1793 kutoka Morisi, na amekwisha kusafiri hata pembe za mbali za dunia ndani ya udongo, miche na shehena za wanadamu. Aliwaua wenyeji wa miba, asishike kazi yao ya ulinzi. Ndovu wakaivunja migunga mara 5 hadi 7 zaidi kuliko mahali asipofika. Uwanda ukawa wazi. Na simba, aliyezoea kujibanza nyuma ya miti hiyo amvizie punda milia, akawa anaonekana tangu mbali. Mtafiti Douglas Kamaru na wenzake, waliofanya uchunguzi wao katika hifadhi ya Ol Pejeta na kuutangaza mwaka 2024, waliandika kwamba mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya windo la simba na mwaka 2020 asilimia 42 tu, na kwamba nyati, ambao hapo kwanza hawakuwamo katika hesabu hiyo, nao walifikia 42. Simba amebadilishiwa chakula chake na kiumbe ambaye humwoni mpaka uiname.

Hapa pana swali gumu, nami sitaki kulipita kwa haraka. Ikiwa kila kiumbe ni ishara ya hikima, kichwa-kikubwa ni ishara ya nini? Je, yeye ni shari tupu? Wanavyuoni wa zamani walipoifafanua dhuluma walisema kwamba ni kukiweka kitu mahali pasipo pake. Niliposomeshwa maana hii chuoni niliidhania kuwa ni ya makadhi na mirathi, haki ya yatima ikiwekwa mkononi mwa ami yake. Sasa naona kwamba inawaenea hata chungu. Atendalo kichwa-kikubwa Laikipia ndilo atendalo kila mahali: hukusanya, hupigana, hulea watoto wake, kama alivyoumbwa. Aliyemtoa mahali pake ni mtu, na mdhalimu ni mtu, ijapokuwa mgunga ulioanguka haukuguswa na shoka lake. Sina shaka kwamba kumwondoa migungani ni kurudisha haki, kwani aliyepora hana budi kurudisha. Lakini nakataa aondolewe kwa chuki. Imepokewa katika hadithi kwamba nabii mmoja alitafunwa na chungu, akaamuru kijiji chao chote kichomwe, akalaumiwa na Mola wake kwa kuteketeza umma wenye kumsabihi. Babu, nadhani, aliikumbuka habari hii alipomkatalia mkwezi.

Katika kisa cha Nabii Suleiman, chungu aliwaonya wenziwe waingie maskani mwao wasije wakapondwa na jeshi. Na katika onyo lake akalipa jeshi hilo udhuru, ya kwamba lingewaponda bila ya kujua. Nabii alimsikia, akatabasamu, akaomba awezeshwe kuishukuru neema aliyopewa. Tangu utotoni nilikipenda kisa hiki kwa sababu chungu alisema. Siku hizi linalonishika ni ule udhuru. Aliyemfikisha kichwa-kikubwa Laikipia yamkini hakujua amebeba nini, na chungu wa Suleiman angemsamehe. Sisi tumekwisha kuambiwa. Basi namsihi msomaji anayechukua miche katika kitalu cha mji mmoja aipeleke shamba la mji mwingine: usiupakie mche kabla hujauinua na kuutazama chini, penye tundu la kutokea maji, na ukiwaona wadogo wa kahawia, na kati yao askari wenye vichwa visivyolingana na miili, uache mche huo pale pale ulipoukuta.