Ardhi Iliyofungwa Sharti

 

Ndugu zetu, wako wadhanio kwamba milki ya ardhi ni kitu kimoja kisichogawanyika: ama shamba ni lako lote, ama si lako. Sivyo. Mafakihi wetu wamezitaja tangu zamani haki za kupita na kupitisha maji katika ardhi ya mwenzio, nayo ikabaki yake. Leo twapenda kueleza jambo la namna hiyo lifanywalo Montana, jimbo la magharibi ya Marekani, kwa kuwa ndani yake mna mazingatio kwetu sisi watu wa wakfu.

Huko ni nchi ya milima na malisho ya ng'ombe. Ayala wa kule, na hasa yule mkubwa aitwaye elki, wakati wa joto hukaa milimani. Theluji ikianguka huteremka mabondeni kutafuta majani. Sasa milima mingi ni ya serikali, na mabonde mengi ni milki ya wafugaji. Sheria yao yasema mnyama wa mwitu ni wa watu wote, si wa mwenye shamba. (Na katika madhehebu yetu ya Kishafii pia, mnyama kuingia tu shambani mwako hakumfanyi kuwa mali yako.) Lakini haki hiyo yafaa nini, ikiwa lango lina kufuli? Na mfugaji akifa, wanawe wakalikata shamba vipande vipande, kila kipande na nyumba na ua na mbwa wake, mnyama atapitisha wapi baridi?

Basi mwaka 1987 baraza la kutunga sheria la jimbo hilo lilianzisha mpango uitwao Habitat Montana. Fedha zake hutoka katika ada za leseni za wawindaji, na zaidi wale wageni watokao majimbo mengine. Serikali haimlazimishi mtu. Mfugaji aliye radhi hulipwa, naye hubaki na shamba lake: hulisha, huuza, hurithisha. Alichokiuza ni haki ya kulikata viwanja na kuyalima majani ya asili. Tena hukubali watu waingie kuwinda msimu ukifika, kwa idadi iliyoandikwa. Hati husajiliwa, na sharti humfunga kila atakayelimiliki shamba baadaye. Na mwindaji naye hakuachiwa afanye mchezo, kwani sheria yamkataza kuiacha nyama ifaayo kuliwa ikaharibika.

Je, haya ni mageni kwetu? Waarabu wa Ujahilia, kama ilivyosimuliwa, mkubwa wao alikuwa akimbwekesha mbwa, na hadi sauti inapofika pakawa malisho yake peke yake. Uislamu ukaibatilisha hima ya namna hiyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliitenga Naqii kwa farasi wa Waislamu. Na Sayyidna Umar alipoitenga Rabadha, alimwamuru msimamizi wake Hunayy amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, wala asihangaike na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan, kwa kuwa hao wana mitende na mashamba ya kurejea. Lango, basi, huwekwa kwa ajili ya mnyonge.

Hatusemi kwamba mpango wa Montana ni wakfu. Umar alipoifunga ardhi yake ya Khaybar, isiuzwe wala isirithiwe, hakulipwa kitu na mtu. Huyu mfugaji ameuza na kupokea thamani. Lakini lalamiko lisikiwalo kule ni lile lile tulisikialo hapa: kwa nini maiti amfunge aliye hai? Jawabu letu ni kwamba mrithi hurithi alichokiacha baba, si alichokwisha kukiuza. Fedha zililiwa, pengine na mrithi huyo huyo alipokuwa mdogo! Na mnunuzi wa baadaye aliiona hati kabla ya kutoa bei.

Kwetu Kenya uwindaji ulikatazwa mwaka 1977, basi lango la wawindaji si letu. Sharti juu ya ardhi lakini lipo: sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yaliruhusu kwa amri ya mahakama. Na huko Kitengela, kusini ya mbuga ya Nairobi, tangu mwaka 2000 wako wenye ardhi waliolipwa ili wasizungushe ua, wanyama wapate kupita. Hayo ni malipo ya mwaka kwa mwaka. Yakikatika, hakuna limzuialo mtu kuchimba mashimo ya nguzo.

Lililotuingia zaidi katika habari za Montana si fedha. Ni kwamba kila mwaka mtu hutumwa kwenda shambani, hati mkononi, akatazama kama sharti lingali likifuatwa. Wakfu ngapi za pwani hii hutazamwa hivyo? Hati imo kandukuni, imeandikwa kwa khati ya Kiarabu ambayo wajukuu hawaisomi, na jirani amekwisha kusogeza ukuta mara mbili. Aliye na hati ya wazee wake asiyeweza kuisoma, na aje nayo baada ya sala ya alasiri siku yoyote ya darsa. Tutamsomea, kisha tutakwenda naye kuitazama mipaka.