Raha ya Motokaa

Msomaji, simama jioni moja kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Kisumu, wakati mvua ya alasiri imekwisha kunyesha, uyatazame magari yanayopita. Kisha tazama nyuso za waendeshaji. Utamwona mmoja amenuna ndani ya gari la thamani kubwa, na mwingine amechangamka ndani ya gari lililochujuka rangi. Kama raha ya motokaa ingekuwa katika bei yake, mambo yangalikuwa kinyume. Basi yafaa tuulize: ni nini kimfurahishacho mtu katika kumiliki gari na kuliendesha?

Wengi watajibu kuwa ni upya wake. Wahenga walisema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda," wala hawakukosea. Lakini unyemi huo una kasoro mbili. Kwanza, haudumu: jirani akinunua gari kubwa zaidi, macho ya watu huhamia kwake, na raha huhama pamoja nayo. Pili, huzaa hofu. Mtu ambaye furaha yake ni mng'ao wa rangi huogopa matope, huogopa mchubuko, na huogopa hata kumpakia mzee mwenye kikapu cha viazi. Husema kuwa ana gari, kumbe gari ndilo lenye mtu.

Raha ya pili ni ustadi, nayo ni bora kuliko ile ya kwanza. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, akiwa pamoja na nduguye Jaswant. Gari lao la Volvo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumiwa na wengine. Lakini Joginder alikuwa fundi, naye alijua gari lake linaweza nini na haliwezi nini. Ujuzi wake haukuchakaa kama chuma, kwani alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976.

Nasi tusio washindani twaweza kuionja raha hiyo. Njia zetu za udongo huteleza kama sabuni baada ya mvua. Kuchagua gia kabla ya kuanza mteremko, kuusikiliza mtambo na kutambua kuwa sauti yake imebadilika, kurekebisha kidogo leo ili kisiharibike kikubwa kesho: mambo haya humpa mtu furaha ambayo jirani hawezi kumnyang'anya. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na aliyeziba ufa kwa mkono wake huupenda ukuta wake zaidi.

Hata hivyo, ustadi nao una mtego, na mtego huo ni mwendo. Kijana aliyejua usukani jana hutaka kuonyesha leo. Na akumbuke kwamba mwendo ukizidi mara mbili, masafa ambayo gari huhitaji ili lisimame baada ya breki kushika huzidi mara nne, na penye maji huwa marefu zaidi. Katika mashindano mtu hushindana na saa. Katika njia yetu ya kila siku hakuna anayeshindana naye: pana watoto watokao shuleni, pana akina mama watokao sokoni, pana waendesha bodaboda wanaotafuta riziki. Raha inayonunuliwa kwa hofu ya hao ni dhuluma.

Ipo raha ya tatu, nami nilifundishwa usiku mmoja wa mvua. Nilikuwa nimekwisha kununua vitambaa vipya vya viti vya gari langu. Jirani akabisha mlango: mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Nakiri kwa haya kwamba kabla sijamjibu, moyo wangu ulivikumbuka vitambaa vile. Ulikuwa muda mfupi kama kupepesa jicho, lakini ulitosha kunionyesha nani alikuwa bwana na nani mtumwa. Tukaenda. Niliendesha polepole kuliko siku zote, nikilikwepa kila shimo, na sijapata kuendesha vizuri kama usiku ule. Asubuhi viti vilikuwa na matope na madoa. Lakini mtoto alikuwa amezaliwa salama. Nilipokuwa nikiviosha, nilijiona tajiri kuliko siku niliyovinunua.

Basi, msomaji, siku utakapojaliwa kupata motokaa, ifurahie, si dhambi. Ioshe, ijue, iendeshe kwa ustadi na subira. Lakini usiulize tu jinsi inavyopendeza ikiwa imesimama mlangoni pako. Jiulize pia ni nani anayeweza kuubisha mlango huo usiku, na utamjibu nini kabla hujakumbuka viti vyako.