Je, Kumtibu Mtu ni Kumkubalia?



Swali ninaloomba tulitafakari pamoja ni hili: mtu akimpa mwenzake matibabu, je, kwa kufanya hivyo ameyakubali maisha yake yote? Wengi watajibu upesi kwamba sivyo. Lakini likifika jambo moja, jibu hugeuka. Nasema juu ya watu waliozaliwa wakaitwa wanaume, nao hujijua na huishi kama wanawake, au waliozaliwa wakaitwa wanawake nao hujijua wanaume. Na wengine wachache ambao husema hawajioni kuwa wa upande huu wala ule. Hapo hata mzee wa kanisa aliye mpole husema, "Tukiwasaidia hao tutakuwa tumeyabariki."

Kwanza tusichanganye mambo. Yuko huntha, yaani mtu aliyezaliwa na mwili usio wazi kama ni wa kike au wa kiume. Wenzetu wa Kenya waliwahesabu watu hao katika sensa ya 2019, wakapata 1,524. Huyo si yule niliyemtaja hapo juu. Tena hao wote wawili si jambo moja na matendo yanayoadhibiwa na Kanuni ya Adhabu katika kifungu cha 154, ingawa barabarani watu huwaita wote kwa tusi moja. Wala siandiki ili kubadili mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa. Sina mamlaka hayo. Ziko pia tiba za kuugeuza mwili wenyewe, ambazo madaktari wa nchi nyingine bado wanabishania, hasa kwa watoto. Humo nako sitaingia. Mimi nasema juu ya kikohozi, malaria, jipu, na dawa za virusi vya UKIMWI. Nasema juu ya dirisha la kadi.

Tulio walimu tunajua jambo moja ambalo huenda wengine hawakulifikiria. Karatasi za mtihani wa taifa hazina jina la mtoto, zina namba. Anayesahihisha hajui kama ni mtoto wa rafiki yake au wa adui yake, wa kabila lake au la jirani. Kwa nini ifanywe hivyo? Si kwamba walimu ni watu wabaya. Ni kwamba tulijijua. Tulijua kuwa moyo huegemea upande, hata moyo wa mtu mwema, wala haumwambii mwenyewe kwamba umeegemea. Basi hatukuridhika kumwomba mwalimu awe mwadilifu, bali tuliweka utaratibu wa kumsaidia awe mwadilifu. Hospitalini mambo ni kinyume. Jina huitwa kwa sauti kubwa mbele ya benchi zima, na kadi imeandikwa ME au KE.

Niliona jambo hili mwenyewe nilipokwenda kupima shinikizo la damu, mahali ambapo sitapataja. Jina la kiume likaitwa, akasimama mtu aliyevaa gauni na mtandio, anakohoa. Karani akauliza kwa sauti kama kadi ile ameiba. Benchi likacheka. Mgonjwa akaichukua kadi yake akatoka, na hakurudi muda wote niliokuwa pale. (Kiswahili chetu kina hekima yake: tunasema "ametoka", wala lugha haituulizi kama ni mwanamume au mwanamke. Mwingereza angelazimika kuamua kabla ya kumaliza sentensi.) Sasa nawauliza waliocheka: kikohozi kile kilikwenda wapi? Kilipanda daladala. Kama kilikuwa kifua kikuu, kilikaa katikati ya mama mwenye mtoto mgongoni na mwanafunzi mwenye sare, wala hakikumwuliza yeyote jinsia yake.

Watu husema kwamba kumhudumia mtu wa namna hiyo ni kumpa kibali. Lakini tazameni hospitali yetu ya Berega, ya dayosisi yetu wenyewe, au hospitali yoyote ile. Akiletwa dereva aliyepindua gari kwa ulevi, atashonwa. Akiletwa mwizi wa ng'ombe aliyepigwa na kundi la watu, atafungwa bandeji. Sijasikia mtu akisema kwamba hospitali imebariki ulevi au wizi. Wala sisi Waluguru, ambao mtoto wetu ni wa ukoo wa mama yake na ardhi hufuata ukoo huo, jambo ambalo majirani wengi huliona limepinduka, hatujaambiwa na zahanati yoyote tukabadili ukoo kwanza ndipo tupewe dawa ya malaria. Najua mambo haya hayana uzito mmoja. Ila yanaonyesha kwamba tangu zamani tulijua kutenganisha dawa na kibali, na kwa watu hawa peke yao tumesahau.

Sheria haikusahau. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa, nayo inamtaka mtumishi wa afya kutunza siri ya mgonjwa.

Hapo ndipo yalipoingia mashirika yasiyo ya serikali. Kazi yao kubwa haikuwa ya ajabu: waelimishaji rika waliwatafuta waliojificha, wakawapeleka kupima, wakawasindikiza mpaka kwa muuguzi asiyecheka. Mwezi Februari 2017 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za UKIMWI kwa makundi hayo katika vituo 40 vya namna hiyo, ikisema vinatumika kueneza ushoga, na kwamba kila mtu atatibiwa katika hospitali za umma. Oktoba mwaka huo huo usajili wa shirika moja la Dar es Salaam, CHESA, ukasimamishwa. Mimi naikubali nusu moja ya maneno ya Wizara: ni kweli kwamba hospitali ya umma ni ya kila mtu, na ingekuwa heri kusiwe na haja ya vituo vya pembeni. Lakini mlango ulio wazi hautoshi ikiwa benchi linauma. Ukimwondoa msindikizaji kabla hujalitengeneza benchi, umemwambia mgonjwa abaki nyumbani.

Wengine watasema mashirika hayo yalikula fedha za wageni. Ni kweli, nazo dawa nyingi za virusi tunazomeza nchini zimelipiwa na wageni. Lakini angalieni kilichotokea mwaka 2025. Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada mwezi Januari, na ilipolegeza kidogo mwezi Februari, ilisema dawa za kinga ya UKIMWI zitolewe kwa fedha yake kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Huku kwetu watu hawa walifungiwa mlango kwa kuitwa mambo ya Kizungu. Mzungu naye alipofunga, hao hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kubaki nje.

Kenya walipita njia ya mahakama. Bodi ya mashirika ilikataa kukiandikisha chama cha Transgender Education and Advocacy, na Julai 2014 Jaji George Odunga akaamuru kiandikishwe. Oktoba mwaka huo mahakama ikaliamuru Baraza la Mitihani la Kenya libadili jina katika cheti cha Audrey Mbugua, na kuondoa alama ya jinsia. Kama mwalimu nilikisoma kisa hicho mara mbili. Alama za mtihani zilikuwa zake. Cheti ndicho kilichomzuia kuzitumia.

Nimeulizwa pia: je, mama wa Kinole anayeshushwa mlimani kwa machela akiwa na uchungu, huyo si wa kwanza? Ni wa kwanza, sibishi. Ila kumsindikiza mtu dirishani hakumnyang'anyi mama huyo machela yake.

Someni tena habari za yule towashi wa Kushi katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Simlinganishi na watu wa leo katika kila jambo. Lakini alikuwa mtu ambaye Torati ilimzuia asiingie katika kusanyiko kwa sababu ya mwili wake, naye alipoyaona maji njiani aliuliza ni nini kinachomzuia abatizwe. Filipo angeweza kumtajia kizuizi kimoja kilichoandikwa kabisa. Hakukitaja. Walishuka majini wote wawili.

Kikundi cha akina mama wa kanisa letu hutembelea wagonjwa kila juma. Mwezi uliopita niliomba nafasi katika mkutano wao, nikawauliza kama wangekubali kumsindikiza mtu wa namna hii mpaka dirishani, na kumwomba karani aite namba badala ya jina. Wawili walisema watakwenda. Mmoja alisema ataomba kwanza. Wengine walinyamaza, kisha mwenyekiti akauliza hesabu ya sadaka ya mavuno imefikia wapi.